Mpini mmoja, vichwa vingi: mimi huanza na kiungio

Zana za bustani zenye vichwa vya kubadilisha zikiletwa kwangu zimeharibika, mara nyingi sihitaji kuuliza tatizo liko wapi. Makali ni mazima, meno ya reki yamenyooka, mpini haujapinda. Kilichokufa ni ile sehemu fupi, urefu wa kiganja hivi, ambapo kichwa kinaingia kwenye mpini. Kazi yangu ni kutengeneza na kunoa zana za bustani, kwa hiyo mtu akiniomba ushauri kabla ya kununua seti ya namna hii, simuulizi ina vichwa vingapi. Namwambia achomeke kichwa kimoja, aushike mpini mwishoni kabisa, autikise.

Uzuri wa zana hizi sina ubishi nao. Kinachokula nafasi stoo ni mipini. Kichwa cha reki kinaning'inia kwenye msumari. Mpini unaorefuka humfaa mrefu na mfupi wanaolima bustani moja, na migongo ya wote wawili inasalimika. Mwenye magoti mabovu anapalilia akiwa amesimama, kisha anaufupisha mpini uleule afanye kazi ameketi kwenye kigoda. Kwa bustani ya mboga na maua, yenye udongo ambao umeshalimwa, ni zana nzuri sana. Shida huanza pale zinapopewa kazi ambayo kiungio chake hakikuumbiwa.

Chukua jembe la kawaida lenye tundu. Mpini wake ni mnene upande wa jembe na mwembamba upande wa mkono, kwa hiyo kila unapoinua na kupiga, jembe linavutwa kuelekea kwenye unene na kujikaza lenyewe. Likilegea, unagonga ule upande mnene chini mara mbili tatu, basi, kazi inaendelea. Kichwa cha kubadilisha hakina bahati hiyo. Lazima kitoke kwa urahisi, na ili kitoke kwa urahisi lazima kuwe na nafasi kati ya ulimi wake, yaani kile kipande kinachozama ndani ya mpini, na tundu la mpini. Nafasi hiyo ni ndogo, sehemu ya milimita tu, lakini mpini ni mrefu. Kichwa kikicheza digrii 1 kwenye mpini wa sentimita 150, mkono wako unakwenda na kurudi sentimita 2.6 kabla udongo haujasikia chochote. Hapo ndipo mtu analalamika kwamba jembe "halina nguvu".

Kuna hesabu nyingine inayoumiza zaidi. Chukua mpini wa sentimita 120 ambao ulimi wa kichwa umezama ndani yake sentimita 10. Ukiutumia kama mtaimbo kung'oa kisiki cha mchicha, ukasukuma kwa uzito wa kilo 10 tu, kingo za lile tundu zinabanwa kwa nguvu ya karibu kilo 120. Kilo 10 ni kidogo. Mtu mzima akiegemea mpini hufikisha mara tatu ya hapo bila kujijua. Plastiki inapanuka, alumini inafunguka mdomo, na kuanzia siku hiyo kichwa kinacheza.

Ushahidi wake unaonekana kwa macho. Chomoa kichwa, futa ulimi kwa kitambaa, uugeuzegeuze penye mwanga. Ulimi uliofanya kazi ya kuvuta na kukwangua huwa umefifia rangi sawasawa pande zote. Uliotumika kama mtaimbo una alama mbili zinazong'aa: moja upande wa mbele karibu na mdomo wa tundu, nyingine upande wa nyuma karibu na ncha ya ulimi. Ndipo chuma kilipokuwa kikigandamizwa. Nikiona alama hizo mbili huwa namuuliza mwenyewe kwa upole kama alikuwa akichimbia mashimo, na jibu huwa ni kicheko.

Kwa hiyo mimi hugawa kazi mara mbili. Kuvuta, kukwangua, kusomba majani, kuchana udongo laini kwa meno matatu, kufagia, kuchuma matunda: hizi nguvu zake nyingi zinafuata urefu wa mpini, na kiungio kizuri kinazimudu miaka mingi. Kuchimba, kutindua, kukata mizizi kwa kupiga, kuinua bonge la udongo: hizi zinahitaji kichwa na mpini ambavyo havikusudiwi kuachana.

Sasa viungio vyenyewe. Cha kwanza ni cha springi. Wolf-Garten ya Ujerumani, kwenye mfumo wake wa multi-star, hutumia namna hii: unasukuma kichwa mpaka kinalia, na kukitoa unabonyeza kitufe. Ni cha haraka, ila kinataka usafi. Mchanga ukikaa chini ya kitufe, kitufe hakirudi juu kikamilifu, na kichwa kinashikwa nusunusu. Cha pili ni cha skrubu ya kukaza kwa vidole, kama combisystem ya Gardena. Kinakuchelewesha kidogo lakini kinameza ule mchezo, kwa sababu skrubu inausukuma ulimi ubane upande mmoja wa tundu. Usiikaze kwa koleo, vidole vinatosha. Cha tatu ni cha kuzungusha, kama vijiti vya mifagio. Huko Marekani uzi wake, yaani ile mifereji ya skrubu, umezoeleka kuwa wa inchi 3/4 wenye mizunguko 5 kwa inchi. Ulaya wana uzi wao, na hivyo viwili havipatani hata ukivilazimisha. Kwa ufagio kinafaa. Kwa kitu chochote kinachosukumwa kushoto na kulia kwa nguvu, sikipendi: upande mmoja unakikaza, upande wa pili unakifungua.

Kiungio kikianza kucheza kidogo na bado hakijapasuka, kuna dawa. Kata ukanda wa bati la kopo la soda, ambalo unene wake ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita, uuzungushe kwenye ulimi kisha uchomeke. Ukibana vizuri, umepata miezi ya nyongeza. Ukihitaji tabaka tatu nne ndipo kibane, tundu limekwisha.

Nije kwenye mpini unaorefuka, ambao una kiungio chake cha pili, na wengi hukisahau. Kufuli zake nazo ni aina tatu.

Ile ya kupinda kwa mkono hufanya kazi gizani. Ndani, kwenye ncha ya bomba jembamba, kuna kipande cha plastiki ambacho ukizungusha bomba kinatanuka au kinasogea upande, kikabana ukuta wa bomba nene. Kinachoshikilia ni msuguano peke yake. Ndiyo maana mtu anayepaka mafuta humo ili "uende vizuri" anaharibu kufuli mwenyewe: mpini utakwenda vizuri kweli, hata wakati wa kazi. Ukianza kuteleza, tenganisha mabomba yote mawili, osha kwa maji ya sabuni, kausha kabisa, kisha kwangua ile plastiki kidogo kwa msasa mwembamba ili iondoe ung'aavu. Mara nyingi inashika tena. Mafuta hayahusiki humo ndani, wala grisi.

Ile ya mkono wa kukunja, yaani kibanio cha nje chenye kiwiko, ni rahisi kuiona na kuirekebisha kwa sababu ina skrubu pembeni. Udhaifu wake ni kwamba kwenye bomba la duara kichwa kinaweza kujizungusha chenyewe, hasa reki ikinasa mzizi upande mmoja. Watengenezaji wazuri hukwepa hilo kwa kutumia bomba la umbo la yai, la pembe sita, au lenye mfereji. Ukiwa dukani, pitisha vidole kwenye bomba la ndani. Likiwa duara tupu, jua litakugeukia.

Ya tatu ni ya kitufe na matundu. Haitegemei msuguano: kitufe kimeingia kwenye tundu, basi, hakiteremki wala hakizunguki. Huwezi kuchagua urefu wowote utakao, ni hatua kwa hatua tu, na kila tundu ni pale ambapo bomba limepungukiwa nguvu. Matundu yaliyotumika sana hugeuka kutoka duara na kuwa mviringo mrefu. Hata hivyo, kwa reki na jembe la palizi mimi huchagua hii.

Kwa kufuli yoyote ile, angalia bomba la ndani limebaki kiasi gani ndani ya la nje. Tuseme umebakiza sentimita 15, na mbele yake kuna mita moja. Kilo moja ya msukumo kule mwishoni inakuwa karibu kilo 7 kwenye kingo za hizo sentimita 15. Bakiza nusu yake, inakuwa mara mbili. Mipini mingi ina mstari au neno la kukuzuia. Usiuvuke, na kama haupo, mimi huhakikisha angalau shibiri moja imebaki ndani.

Urefu una gharama nyingine. Alumini ina uzito wa takriban theluthi moja ya chuma, lakini nayo hupinda kirahisi mara tatu kuliko chuma. Ndiyo sababu mabomba yake hufanywa manene. Na kupinda hakuongezeki sawa na urefu. Mpini ukirefushwa mara mbili, mzigo uleule kwenye ncha unaupindisha mara nane. Kwa hiyo mpini wa mita 2 uliokuwa imara kabisa, ukiufikisha mita 4, unayumba huku na huku, na hilo halina maana kwamba ni mbovu. Rudisha sentimita chache ndani, usogee hatua moja mbele.

Hapo pia ndipo utaelewa msumeno wa kupogolea matawi ya juu. Meno yake yameelekezwa kukata wakati wa kuvuta. Mpini mrefu ukisukumwa unajikunja, ukivutwa unanyooka wenyewe. Acha msumeno ujikate kwa uzito wake unapouvuta, na unapourudisha juu usiugandamize. Tawi nene likatwe kwanza kidogo upande wa chini, lisije likachana gome hadi shinani. Wala usisimame chini yake. Hili watu huliitikia kwa kichwa, halafu nawaona wamesimama palepale.

Na umeme. Mpini wa alumini unaofika mita 4 au 5 mikononi mwa mtu aliyekaza macho kwenye tawi ni hatari kuliko msumeno wenyewe. Mita 3 kutoka kwenye waya ndicho kiwango cha chini, na nyaya za msongo mkubwa zinataka zaidi. Faibagilasi (plastiki yenye nyuzi za kioo) haipitishi umeme ikiwa safi na kavu. Ikiwa na utomvu, tope au umande usiihesabu hivyo. Mti ukigusana na waya, hiyo ni kazi ya watu wa umeme.

Kuweka urefu kwa kazi za chini ni jambo dogo. Simama wima, usimamishe zana mbele yako: kwa jembe la palizi na reki, ncha ya mpini ifike kati ya kidevu na pua. Ukijikuta umeinama, refusha. Mabega yakipanda juu, fupisha.

Kuhusu utunzaji nitasema moja ambalo sioni likisemwa mara nyingi. Usiache kichwa cha chuma kimechomekwa kwenye mpini wa alumini miezi yote. Metali hizo mbili zikigusana penye unyevu, alumini ndiyo inayoliwa, hasa kukiwa na chumvi au mbolea. Unga mweupe unajaa kwenye tundu, ulimi unagandia, na anayejaribu kuuchomoa huishia kuuzungusha kwa koleo mpaka tundu linapasuka. Chomoa, suuza, kausha, ning'iniza kila kimoja peke yake. Kama kimeshaganda, maji ya moto juu ya mpini husaidia, kwa sababu alumini hutanuka kuliko chuma; kisha gonga kichwa taratibu kwa nyundo ya mbao.

Ukiuliza ningenunua nini, ni mpini mmoja wa kitufe, kichwa cha palizi cha kusukuma na kuvuta, reki, na kile cha meno matatu. Msumeno wa juu naupa mpini wake, kwa sababu unaofaa juu ni mzito mno kwa palizi. Sepetu na uma vya kuchimbia huwa vipo kwenye seti nyingi, na vinapendeza kwenye picha. Mimi ningevinunua vya kawaida, vyenye mipini yake. Kabla ya kulipa, uliza kama vichwa vinauzwa kimoja kimoja, maana mara nyingi ulimi wa kampuni moja hauingii kwenye tundu la nyingine, na kichwa cha palizi ndicho kitakachoisha makali kabla ya vingine vyote.