Kutembea mapema si kipimo cha akili

"Wangu alitembea na miezi tisa!" Mzazi anayesema hivyo ana kila haki ya kufurahi. Mtoto anaachia kochi, mikono juu, tumbo mbele, hatua mbili, kisha puu, chini. Nyumba nzima inapiga makofi. Kosa ni kuhitimisha kwamba huyo ana akili kumshinda wa jirani ambaye bado anashika ukuta.

Shirika la Afya Duniani lilifuatilia watoto wenye afya njema katika nchi tano: Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Matokeo ya mwaka 2006 yalionyesha kuwa karibu wote walianza kutembea wenyewe kati ya miezi 8 na miezi 17 na nusu. Tofauti ya miezi tisa, na wote ni wazima! Wapo hata ambao hawakutambaa kwa magoti kabisa. Kwa hiyo mama wa mtoto wa miezi 14 asiulizwe kila Jumapili, "bado tu?" Swali hilo linaumiza bure.

Vile vigari vya magurudumu vya kumkalisha mtoto ajisukume kwa miguu ili ajifunze kutembea navyo havimharakishi. Huweza kumchelewesha, na watoto huporomoka navyo kwenye ngazi. Kanada ilivipiga marufuku mwaka 2004.

Akifikisha miezi 18 hajatembea, au akipoteza uwezo aliokwisha kuupata, mpeleke kliniki mapema, na kadi yake mkononi.