Ajira za TEHAMA Afrika Mashariki: tunayoambiana na yaliyopo

Dhana: Ukijua kuandika programu, kazi itakufuata yenyewe.

Hii ndiyo inayoniuma zaidi. Kijana anajifungia miezi sita na kompyuta, anamaliza kozi, kisha anatuma maombi mwaka mzima bila kujibiwa. Ukweli ni kwamba mlango wa wanaoanza ndio mwembamba kuliko yote. Kampuni ya Andela ilianzishwa mwaka 2014 kwa wazo la kuwachukua vijana, kuwafunza na kuwaunganisha na kampuni za nje. Septemba 2019 ikawaachisha kazi waandishi wa programu wachanga wapatao 400 huko Nigeria, Kenya na Uganda, kwa kuwa wateja wake walitaka wazoefu. Vijana wale hawakuwa wavivu. Walikuwa wengi kuliko nafasi za ngazi yao.

Na uzoefu unaoulizwa kwenye usaili si miaka peke yake. Chukua malipo ya simu. Mteja amelipa shilingi 20,000, taarifa imefika kwenye mfumo wa duka, lakini mtandao unakatika kabla duka halijajibu kwamba imepokelewa. Mtandao ukirudi, taarifa inatumwa tena. Anayeanza huandika programu inayoongeza salio kila taarifa inapoingia, basi mteja anaonekana kalipa 40,000. Aliyewahi kukesha na mhasibu wakisawazisha hesabu ataangalia kwanza namba ya muamala: kama imeshaandikwa, haiandikwi mara ya pili. Huyo ndiye anayetafutwa. Wala huhitaji kusubiri kuajiriwa ndipo ujifunze hilo. Tengenezea kikundi cha kuweka na kukopa mfumo mdogo, wautumie kwa fedha zao, nawe uyabebe malalamiko yao hadi yaishe.

Dhana: Kazi hizi ziko kwenye kampuni za teknolojia.

Zipo, ila ni sehemu ndogo. Tangu M-Pesa ianze Kenya mwaka 2007 na kuingia Tanzania mwaka uliofuata, malipo ya simu yamepenya kila mahali, na nyuma ya kila malipo kuna mfumo wa kutunzwa. Benki, saccos, hospitali, bima, mamlaka za maji na halmashauri zinahitaji watu wa hifadhidata, wa mtandao, wa usalama na wa kuwasaidia watumiaji. Matangazo yao hayana mvuto, wengi huyapita. Lakini fundi anayeweza kukaa na mfamasia na kugundua kwa nini dawa zilizopo rafuni hazilingani na zilizomo kwenye mfumo, hospitali haitataka kumpoteza.

Dhana: USSD (huduma za menyu kwenye simu) imepitwa na wakati.

Mamilioni bado wanabonyeza nyota na reli kila siku, kwa simu isiyo na intaneti. Ukurasa mmoja wa menyu hubeba herufi zisizozidi 182, na mteja akichelewa kujibu, menyu inakatika. Kupanga huduma nzima ndani ya nafasi hiyo, kwa Kiswahili ambacho mama wa sokoni anakielewa mara moja, ni ufundi hasa.

Dhana: Vyeti vingi ndiyo sifa.

Cheti kimoja cha mitandao au cha usalama kinasaidia. Kumi visivyo na kazi ya kuonyesha havisaidii.

Dhana: Akili mnemba imeshafunga mlango.

Hofu hii ina msingi, tusiwadanganye vijana. Vipande vidogo vya programu alivyokuwa akipewa anayeanza, sasa mashine huviandika kwa sekunde. Lakini mashine hiyohiyo inaweza kukuandikia programu ya kupokea malipo isiyoangalia namba ya muamala, ikaonekana safi kabisa. Anayeliona kosa hilo kabla mteja hajaliona bado ana kazi.

Dhana: Sheria za data ni za wanasheria.

Kenya na Uganda zilitunga sheria za kulinda taarifa binafsi mwaka 2019, Rwanda 2021, Tanzania 2022. Mwanasheria anaweza kueleza kifungu, ila hawezi kuingia kwenye seva. Mgonjwa akilalamika kwamba majibu ya vipimo vyake yamevuja, lazima ijulikane nani alifungua faili lile, siku gani, saa ngapi. Jibu hilo litapatikana tu ikiwa kuna mtu aliyeupanga mfumo utunze kumbukumbu hizo tangu siku ya kwanza.