Riaseti ni nini, na kwa nini kuzifunga nyumbani sio kazi ya kukaza bolti tu

Neno lenyewe limetoka kwenye Kiingereza na ukilichukua lilivyo linamaanisha kitu kilichowekwa nyuma. Riaseti ni seti nzima ya vitu ambavyo miguu yako inagusa ukiwa juu ya pikipiki, yaani pegi mbili za kukanyagia, pedali ya breki ya nyuma kulia, leva ya gia kushoto, vile vibati vya kuzuia kisigino kisiingie kwenye cheni, pamoja na mabamba ya alumini yanayoshikilia vyote hivyo kwenye fremu. Unatoa zilizokuja na pikipiki kutoka kiwandani unafunga hizi, na mguu unakaa nyuma zaidi na mara nyingi juu zaidi.

Wazo ni la zamani. Uingereza miaka ya 1950 na 1960 kulikuwa na vijana walioitwa café racer, wanachukua pikipiki ya kawaida wanaishusha usukani ili ifanane na ya mashindano, sasa ukishashusha usukani mwili unalala juu ya tanki na kama miguu bado iko mbele kama umekaa kwenye kiti cha sebuleni uzito wote unaangukia mikononi, viganja vinakufa ganzi. Ndio pegi zikarudishwa nyuma. Hapo ndipo kuna maana halisi ya riaseti, kwamba usukani, kiti na pegi ni pembe tatu moja na ukigusa kona moja zile mbili nyingine zinakujibu.

Pikipiki za spoti za leo zinatoka kiwandani pegi zikiwa tayari nyuma, kwa hiyo swali la haki ni kwamba mtu ananunua za nini. Wengi wanasema muonekano, na sikatai, alumini iliyochongwa na mashine inapendeza. Ila sababu yenye uzito ya kwanza ni kona. Ukilaza pikipiki sana kitu kinachogusa lami mapema mara nyingi ni pegi, ndio maana nyingi za kiwandani zina kile kijiti cha chuma chini ya ncha, kazi yake ni kukwaruza kwanza ili kikuambie umefika mwisho wa kulala. Pegi ikipanda juu unapata nafasi zaidi ya kulala kabla ya kugusa. Na hapa zingatia kama pegi zenyewe zinakunja au hazikunji. Inayokunja ikigusa chini inajikunja inaenda juu, isiyokunja haina pa kwenda, inaweza kuinua tairi la nyuma likapoteza mshiko. Zisizokunja ni za uwanjani, watu wanazipenda kwa sababu hazichezi kabisa chini ya buti, lakini kwa barabarani mimi nasema chukua zinazokunja, bila kusita.

Sababu ya pili ambayo kwangu ndio kubwa kuliko zote ni kurekebishika. Bamba la riaseti nzuri lina matundu kadhaa, unachagua pegi ikae wapi, milimita 10 nyuma, 20 juu, au hata karibu kabisa na pale pa kiwandani. Watu wanadhani riaseti lazima ikupandishe magoti mpaka kifuani, hapana. Kama una miguu mirefu na pegi za kiwandani zilishakubana, kuzipandisha tena ni kujitesa, goti likikunjwa sana kwa saa nzima utalisikia mpaka usiku. Kaa juu ya pikipiki ikiwa kwenye stendi, shika usukani kama unaendesha, halafu jaribu kunyanyua makalio kidogo kutoka kwenye kiti kwa nguvu ya miguu peke yake. Ukiweza bila kuvuta usukani pegi ziko mahali pake, ukishindwa basi ziko mbele sana au juu sana kwa mwili wako, haijalishi picha inapendeza vipi.

Sasa kuzifunga. Kazi ya bolti kwa kweli ni nyepesi, pikipiki inasimama kwenye stendi ya nyuma, unapiga picha kila upande kabla ya kugusa kitu, na unafanya upande mmoja mmoja ili ule mwingine ubaki kama ramani yako. Angalia kama bolti ya bamba la kulia haijashika na ekzosi, kwenye baadhi ya pikipiki inashika, ukiitoa bomba linabaki linaning'inia kwa hiyo liegemeze na kitu kwanza. Bolti zinazoingia kwenye fremu tia gundi ya hesi, yaani ya ile mikato ya skrubu kwenye bolti, ile ya nguvu ya kati, tone moja tu, sio ile ya kudumu maana siku ya kuzitoa utalia. Na tumia spana ya torki, ile inayopima nguvu ya kukaza, bolti ya M8 (unene wa milimita 8) kwenye alumini mara nyingi inakaa kwenye 20 mpaka 25 Nm, ya M6 karibu 10, ila kijitabu cha riaseti yako kikisema tofauti fuata kijitabu. Alumini haisamehe, hesi zikishaliwa ndani ya fremu hiyo ni hadithi nyingine ndefu.

Kinachotofautisha kazi nzuri na mbovu ni vitu viwili, fimbo ya gia na breki.

Fimbo ya gia ndio inaunganisha leva unayoigusa na kile kimkono kidogo kilichoshika shafti ya gia kwenye injini. Ile fimbo na kile kimkono vinatakiwa vifanye pembe ya digrii 90, au karibu kabisa na hapo, leva ikiwa imetulia. Ukipita sana juu au chini ya hapo mguu unasukuma kawaida lakini shafti inazunguka pungufu, gia inaingia nusu, unapata nyutro za uongo katikati ya gia, yaani hakuna gia iliyoshika, na unaanza kuilaumu gia boksi ambayo haina kosa lolote. Kimkono kinakaa kwenye meno madogo ya shafti kwa hiyo unaweza kukitoa ukakisogeza jino moja ndipo pembe ikae sawa, halafu urefu wa fimbo unaumaliza kwa kuizungusha. Fimbo hii ina hesi ya kawaida upande mmoja na hesi ya kushoto upande wa pili, ndio maana ukiizungusha katikati inarefuka au inafupika bila kufungua ncha zake. Na nati ya ule upande wa kushoto inafunguka kinyume, yaani kwa mwelekeo ambao mkono wako umezoea kukazia, ukilazimisha umeila. Usiirefushe mpaka hesi chache tu ndio zimebaki ndani ya kichwa cha fimbo, zikitoka ukiwa barabarani huna gia.

Wapo wanaogeuza kile kimkono kiangalie upande mwingine ili gia ziwe kinyume kama za mashindano, ya kwanza juu na nyingine zote chini. Inawezekana kwenye pikipiki nyingi ila kama una kwikishifta, kile kifaa cha kupanda gia bila kushika klachi, kumbuka kihisi chake kwenye fimbo sasa kitasukumwa pale kilipokuwa kinavutwa, na sio kila kihisi kinakubali.

Breki hapo ndipo nataka usome polepole. Pedali mpya inasukuma masta silinda ileile, yaani pampu ndogo inayosukuma mafuta ya breki, kupitia kifimbo kifupi, na kwa kawaida huna haja ya kufungua mpira wa mafuta, unaihamisha masta silinda nzima kwenye bamba jipya. Tatizo linakuja ukitaka pedali ikae juu au chini ili imfuate mguu, unazungusha kile kifimbo kinarefuka, pedali inakaa unapopenda, unafurahi. Kumbe kifimbo tayari kinamsukuma pistoni kidogo. Ndani ya masta silinda kuna kitundu kidogo ambacho mafuta yanarudia kwenye kikopo ukiachia pedali, pistoni isiporudi mpaka mwisho inakiziba. Mafuta yakipata joto yanatanuka, hayana pa kwenda, yanasukuma pedi kwenye diski, diski inazidi joto, mafuta yanatanuka tena, mpaka tairi linakaza lenyewe bila wewe kugusa kitu. Mimi niliwahi kulipata hili kwenye pikipiki yangu, nimefunga mwenyewe nikaona safi, baada ya safari fupi nikashuka nikasikia harufu kama ya kitu kinachoungua, diski ya nyuma imebadilika rangi imekuwa bluu na pikipiki haisukumiki kwa mkono. Kifimbo kilikuwa kirefu kwa chini ya milimita mbili.

Kwa hiyo lazima kuwe na uchezaji. Bonyeza pedali kwa kidole, sio kwa mguu, unatakiwa usikie sehemu laini mwanzoni ambayo haina kazi yoyote halafu ndio pistoni inaanza kukataa. Kwenye kifimbo chenyewe ni kama milimita moja hivi, kwenye ncha ya pedali itaonekana zaidi kwa sababu pedali ni ndefu. Ukishakaza nati yake rudia tena kipimo maana kukaza nati kunaweza kukizungusha kifimbo kidogo. Zungusha tairi la nyuma kwa mkono, bonyeza breki, achia, linatakiwa liachie hapohapo.

Halafu taa ya breki. Swichi za kiwandani mara nyingi zinavutwa na kaspringi kadogo kutoka kwenye pedali, na pedali mpya pengine haina pa kukashikiza, mtu anafunga kila kitu anasahau na anaendesha bila taa ya breki ya nyuma. Dawa yake ni bolti ya breki yenye swichi ya presha ndani yake, inakaa kwenye masta silinda palepale unapoingia mpira. Hii sasa inafungua mfumo wa mafuta kwa hiyo weka washa mpya na utoe hewa mpaka pedali iwe ngumu, na funika rangi na kitambaa kilicholowa maji maana mafuta ya breki yanakula rangi.

Ukimaliza chukua peni ya rangi nyeupe uchore mstari mmoja unaovuka kichwa cha kila bolti mpaka kwenye bamba. Panda gia zote ushuke zote pikipiki ikiwa kwenye stendi, kisha nenda mzunguko mfupi wa taratibu, ukirudi gusa diski ya nyuma kwa tahadhari ulinganishe joto lake na jinsi ulivyotumia breki, halafu angalia ile mistari. Iliyokatika ndio bolti ya kukaza.