Je, wajua seli hukitambuaje kirusi kilichokwisha kuingia kwenye kiini chake?

Ukimuuliza mtu mwili unajikingaje na virusi, jibu la kwanza huwa chembe nyeupe za damu. Si jibu baya, ila linabeba dhana potofu kwamba seli iliyovamiwa hukaa tu ikisubiri kuokolewa. Dhana hiyo huwa na nguvu zaidi kinapotajwa kiini: kirusi kikishapenya humo, wengi huona mambo yamekwisha.

Hata wanasayansi waliegemea upande huo kwa muda mrefu. Kihisi kinachoshtuka kikigusa DNA kingewekwaje ndani ya kiini, mahali palipojaa DNA ya seli yenyewe? Kingepiga kengele mchana na usiku. Ndiyo maana vihisi vilitafutwa zaidi kwenye saitoplazimu, yaani sehemu ya seli iliyo nje ya kiini, ambako DNA ikionekana tu ni dalili ya hatari. Hoja ilikuwa na mantiki, lakini virusi vya herpesi haviingii katika mpango huo. Gamba la kirusi husafiri hadi kwenye utando wa kiini, hujishikiza kwenye mojawapo ya matundu yake, na DNA iliyoshindiliwa ndani kwa shinikizo kubwa hufyatuka hadi ndani ya kiini. Gamba tupu hubaki nje. Kama ulinzi wote ungekuwa kwenye saitoplazimu, DNA hiyo ingepita bila kuguswa. Haipiti hivyo.

Familia hii ya virusi vya herpesi ndiyo inayoleta malengelenge ya mdomoni na ya sehemu za siri, na pia tetekuwanga, ambayo miaka mingi baadaye huweza kurudi kama mkanda wa jeshi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu bilioni 3.8 walio chini ya miaka 50 wana aina ya kwanza ya kirusi cha malengelenge, HSV-1.

Siri ya utambuzi iko kwenye namna DNA ilivyopangwa. DNA ya seli moja ya binadamu ikinyooshwa hufikia takriban mita 2, nayo hukaa ndani ya kiini chenye upana wa karibu sehemu moja ya mia ya milimita. Hutosha humo kwa sababu imezungushwa kwenye protini ziitwazo histoni, kama uzi wa cherehani kwenye vigurudumu vyake. Kila kigurudumu hubeba jozi za besi, yaani herufi za DNA, zipatazo 147, kisha hufuata kipande kifupi kilicho wazi, kisha kigurudumu kingine. DNA ya HSV-1 ina jozi zipatazo 152,000, na huingia bila kigurudumu hata kimoja. Uzi wote uko wazi.

Uwazi huo ndio unaoisaliti. Protini iitwayo IFI16 hutua kwenye DNA na kuteleza juu yake ikitafuta wenzake. Kwenye DNA ya seli hugonga vigurudumu kila baada ya hatua chache, mkusanyiko usikue. Kwenye DNA ya kirusi njia ni nyeupe: molekuli hupangana hadi zikawa mnyororo mrefu, na mnyororo huo husaidia kuzima jeni za kirusi na kuamsha uzalishaji wa interferoni, protini zinazotoa tahadhari ya kirusi.

Wakati huohuo, vinundu vidogo vya protini ya PML hukusanyika palipo na DNA ngeni. Humo mna protini Daxx na ATRX, na kazi yao hapa inastaajabisha. Haziikati DNA ya kirusi, huizungushia histoni. Uzi uliokuja wazi hufungwa barabara hadi jeni zake zisiweze kusomwa.

Virusi navyo vina majibu. HSV-1 hutengeneza protini ICP0, inayoitia PML alama ya kuvunjwa. Kirusi cha saitomegalo hubeba ndani ya chembe yake protini pp71, inayoiondoa Daxx. Kirusi cha Epstein-Barr hutumia protini BNRF1 kuitenganisha ATRX na Daxx. Virusi vitatu vya familia moja, kila kimoja kwa zana yake, vinalenga sehemu ileile, na kwangu huo ni ushahidi mzito kwamba ulinzi huu una uzito. HSV-1 isiyo na ICP0 hupata shida kubwa kuzaliana kwenye seli za kawaida za binadamu. PML ikipunguzwa hupata nafuu, ingawa kwa sehemu tu, maana kuna vizuizi vingine. Kuhusu iwapo ICP0 huivunja pia IFI16, maabara zimepata matokeo yanayopingana. Tena sehemu kubwa ya majaribio haya imefanywa kwenye seli za ngozi zilizokuzwa maabara, na seli za neva zina tabia zake.

Kwenye neva ndiko kufungwa huko kunakogeuka kuwa maficho. DNA ya HSV-1 iliyozungushiwa histoni hukaa kimya kwenye seli za neva maisha yote ya mtu, na huweza kuamka tena. Dawa ya acyclovir huzuia kirusi kinaponakili DNA yake. DNA iliyolala hainakiliwi, kwa hiyo dawa haina pa kushika. Ndiyo sababu hupunguza malengelenge bila kuyaondoa maambukizi yenyewe.