Mageuko ya kimolekuli ya kimeng'enya: mfano wa lisozaimu katika tumbo la ng'ombe

Mageuko ya kimolekuli ni mabadiliko yanayojengeka katika jeni, na katika protini zitokanazo na jeni hizo, kadiri vizazi vinavyopita. Kwa upande wa vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemikali mwilini, mabadiliko hayo hutokea katika ngazi mbili ambazo hazifai kuchanganywa. Ya kwanza ni mpangilio wa asidi amino, yaani vijenzi vya protini, ambao huamua jinsi kimeng'enya kinavyofanya kazi. Ya pili ni udhihirishaji wa jeni, yaani katika ogani ipi, wakati gani na kwa wingi gani jeni husomwa ili protini yake itengenezwe. Ni vigumu kupata mfano unaozionyesha ngazi zote mbili kwa uwazi kuliko lisozaimu ya wanyama wanaocheua.

Lisozaimu, ambayo Alexander Fleming aliieleza mwaka 1922, ni protini ndogo yenye asidi amino zipatazo 130. Hukata minyororo ya sukari katika ukuta wa seli ya bakteria, na seli hiyo hupasuka. Kwa mamalia wengi ni kimeng'enya cha ulinzi, kinachopatikana katika machozi, mate na chembe nyeupe za damu, mahali pasipo na asidi kali.

Ng'ombe, kondoo na mbuzi wamekipa kimeng'enya hiki kazi ya pili. Wanyama hawa hawatengenezi wenyewe vimeng'enya vya kuvunja selulosi ya nyasi. Kazi hiyo hufanywa na bakteria na vijidudu wengine wanaoishi katika rumeni, chumba cha kwanza na kikubwa zaidi cha tumbo. Bakteria hao hujijenga kwa naitrojeni na fosforasi iliyomo katika malisho, kisha husukumwa pamoja na chakula hadi abomasamu, chumba cha nne, chenye asidi na pepsini, kimeng'enya kinachovunja protini. Kwa hiyo sehemu kubwa ya protini anayoipata ng'ombe haitoki moja kwa moja katika nyasi, bali katika miili ya bakteria waliokula nyasi hizo, na ili kuifikia ni lazima kuta zao zivunjwe, kazi ambayo lisozaimu huifanya.

Jeni moja ya lisozaimu ilinakiliwa mara kadhaa katika ukoo wa wanyama hawa, hata ng'ombe wa leo ana jeni zipatazo 10 za aina hiyo. Baadhi ya nakala zilianza kudhihirishwa kwa wingi katika utando wa abomasamu. Kwa maoni yangu hatua hii ndiyo inayostahili uzito zaidi, kwa sababu kimeng'enya kisichotengenezwa mahali kinapohitajika hakiwezi kuchujwa na uteuzi wa asili kwa kazi ya mahali hapo. Protini yenyewe nayo ilibadilika: lisozaimu ya tumboni hufanya kazi vizuri zaidi kwenye pH (kipimo cha asidi) ya karibu 5, yaani penye asidi kiasi, huhimili pepsini, na ina asidi amino chache za aina ya ajinini.

Kwamba mabadiliko hayo yanahusiana na aina ya usagaji chakula kunathibitishwa na wanyama wasio na undugu wa karibu na ng'ombe. Mwaka 1987 Caro-Beth Stewart, James Schilling na Allan Wilson walionyesha kwamba lisozaimu ya langur, kima wa Asia mla majani ambaye pia huchachusha chakula katika sehemu ya mbele ya tumbo, ilipata baadhi ya mabadiliko yaleyale ya asidi amino, ingawa koo hizo mbili zilikuwa zimetengana zamani sana. Mbega wa misitu ya Afrika Mashariki ni wa kundi hilohilo la kima, na tumbo lake lina vyumba vya namna hiyo. Hata hoatzin, ndege mla majani wa Amerika Kusini, hutumia lisozaimu tumboni mwake, lakini yake imetokana na tawi jingine la familia hii ya protini.

Kongosho la ng'ombe nalo hutoa ribonukliezi kwa wingi, kimeng'enya kinachovunja RNA (molekuli inayobeba taarifa za jeni) ya bakteria haohao baada ya kuta zao kupasuka, na fosforasi na naitrojeni iliyomo humrudia mnyama.