Si kibao, mzee wangu

Jumamosi, kwenye kikao cha harusi hapa Moshi, mzee mmoja ninayemheshimu sana alinishika mkono: "Mwalimu, chuo chenu cha ualimu Marangu mnangoja nini? Serikali ibadilishe kibao tu, kiwe chuo kikuu." Ni mara ya tatu mwezi huu naambiwa habari za kibao, na nimechoka.

Tazama Chuo cha Ushirika hapa hapa mjini. Si cha ualimu, lakini kimepita njia hiyohiyo: kimeanza 1963, kikawa chuo kishiriki chini ya Chuo Kikuu cha Sokoine 2004, kikasimama chenyewe 2014. Hiyo miaka 10 ya katikati ndiyo kila mtu anairuka.

Ukiwa kishiriki, shahada bado si yako. Mitaala na matokeo hupita Seneti, chombo kikuu cha taaluma, ya chuo mama, na shahada hutolewa kwa jina la mama. Vyuo vya elimu vya Chang'ombe na Mkwawa viliingia chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam 2005, na mpaka leo ni vishiriki. Eti vimekwama! Chuo Kikuu cha Kenyatta, Kenya, kililelewa na Chuo Kikuu cha Nairobi tangu 1970 hadi 1985. Kulelewa si kukwama.

Ithibati, hati idhini, baraza: makaratasi hayo hukamilika. Kazi ni watu. Mkufunzi mwenye shahada moja, bingwa wa kumwandaa mwalimu atakayefundisha watoto kusoma, haamki kesho mhadhiri. Asomeshwe uzamili, kisha uzamivu, na vipindi vyake vishikwe na nani? Akirudi atapanda cheo kwa machapisho, si kwa kukaa nyuma ya darasa wakati wa BTP, yale mazoezi ya kufundisha mashuleni, akikagua andalio la somo la mwanachuo anayetetemeka.

Hapo ndipo mimi mwenyewe nina shaka. Chuo cha walimu cha Los Angeles, Marekani, cha 1882, kiliingizwa Chuo Kikuu cha California mwaka 1919. Leo ni UCLA, chuo kikuu chenye jina duniani. Nani anaitaja UCLA akikumbuka walimu? Kilikua kweli, lakini kazi kilichozaliwa nayo ikawa kona moja ya nyumba.

"Kwa hiyo hutaki?" mzee akaniuliza.

Nataka. Ila nilimuuliza: tukishapata Seneti, ile shule ya mazoezi wanapojifunzia kufundisha wanachuo wetu, na yule mwalimu wa darasa la kwanza, tunamwachia nani? Akanyamaza, kisha akaagiza chai mbili.