Kamera, Chumvi na Jua la Kusini: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Msimu wa korosho ukifunguliwa, kuanzia Oktoba hivi, Masasi, Newala na Mtwara mjini watu huanza kuulizia kamera. Ushauri wanaopewa karibu wote unahusu kamera yenyewe: toleo gani, mwaka gani, megapikseli ngapi. Lenzi, hewa ya chumvi na jua la utosini havitajwi, ilhali ndivyo vinavyoharibu picha na kumaliza pesa.

"Megapikseli nyingi ndiyo picha kali"

Kamera ya megapikseli 12, yaani nukta milioni 12, hutoa picha ya nukta 4,000 kwa 3,000. Ukiichapa kwa nukta 300 kila inchi, unapata sentimita 34 kwa 25, yaani zaidi ya karatasi ya A4. Anayepiga pasipoti na harusi za mtaani hana pa kuzipeleka megapikseli 45, labda ajaze memori kadi na kuichosha kompyuta. Jioni ikiingia, kinachotofautisha kamera mbili ni ukubwa wa sensa, kile kibao cha ndani kinachopokea mwanga. Ile ya milimita 36 kwa 24 ina eneo zaidi ya mara mbili ya sensa ya 23.5 kwa 15.6 iliyomo kwenye kamera nyingi za bei nafuu.

"Lenzi iliyokuja na kamera inatosha, ukipata pesa, nunua zumu ndefu"

Lenzi ya kawaida ya 18–55mm ukiivuta hadi mwisho hufunguka f/5.6 tu (f ni kipimo cha tundu la lenzi; namba ikiwa ndogo, tundu ni pana). Lenzi ya 50mm f/1.8, ambayo ni kati ya lenzi za bei ya chini kabisa, hupitisha mwanga karibu mara kumi ya huo. Kwenye ngoma ya sindimba usiku, kasi ya shata (pazia la kamera) ya sekunde 1/15 inayowageuza wachezaji kuwa ukungu inapanda hadi 1/125, na miguu inaanza kuonekana. Zumu ndefu ina kazi yake kwa ndege na mitumbwi ya mbali kule Mnazi Bay, lakini usiku ni mzigo wa shingoni.

Lenzi ya 50mm nayo ina masharti. Ukiifungua f/1.8 ukiwa mita mbili kutoka kwa mtu, sehemu iliyo kwenye fokasi, kwa kamera ya sensa ndogo, ina kina cha sentimita 11 hivi. Bibi harusi akisimama hatua moja nyuma ya bwana harusi, mmoja wao atatoka na ukungu. Kwa watu wawili funga hadi f/4, na bado uwapange wawe sambamba.

Angalia pia inavyofungwa kwenye kamera. Nikon D3200 na D5300 hazina mota ya fokasi ndani, kwa hiyo lenzi ya zamani ya AF 50mm f/1.8D itaingia na itapiga, ila fokasi utazungusha kwa mkono. Unayoitaka ni AF-S 50mm f/1.8G. Kwa Canon za DSLR (zenye kioo ndani), lenzi za EF-S hazifungi kwenye zile za sensa kubwa kama 6D, lakini za EF zinaingia kote. Wauzaji wengi hawalitaji hili mpaka uulize.

"Flashi ya juu ya kamera inamulika popote"

Flashi hizo nyingi zina namba ya nguvu ya 12 hivi kwa ISO 100 (ISO ni wepesi wa kamera kuhisi mwanga). Igawe kwa tundu la lenzi: kwa f/4 inafika mita 3, basi. Ukiwa nyuma ya umati, utakachomulika vizuri ni visogo vya watazamaji.

"Saa sita mchana ndipo mwanga upo wa kutosha"

Upo, ila unatoka pabaya. Mtwara iko karibu nyuzi 10 kusini mwa ikweta, kwa hiyo wiki ya tatu ya Oktoba na tena ya tatu ya Februari jua la adhuhuri linakaa utosini kabisa. Macho yanageuka mashimo meusi, na chini ya pua kunatokea kivuli kama masharubu. Flashi ndogo haiokoi: kwa jua hilo utakuwa f/11, na 12 gawa kwa 11 ni mita moja na kidogo.

Dawa yake ni kivuli chenye uwazi mbele. Mweke mtu barazani Mikindani au ukingoni mwa kivuli cha mkorosho, uso ukitazama kwenye mwanga, nyuma yake kukiwa na giza. Mtu mmoja ashike shuka jeupe usawa wa kiuno ili mwanga urudi machoni. Asiyetaka kuhangaika na shuka apige kati ya saa kumi na mbili na saa mbili asubuhi. Jua huku hupanda upesi, ukichelewa kidogo tu umeukosa.

"Kamera inajua yenyewe"

Haijui. Kipimamwanga chake huchukulia kwamba kila kilicho mbele yake kina weupe wa kijivu cha wastani. Kinyago cha mpingo kikijaa kwenye fremu, kamera inaona giza, inaongeza mwanga. Mpingo unatoka kijivu na pale panapong'aa panaungua kuwa peupe tupu. Bonyeza kitufe cha +/−, cha kuongeza na kupunguza mwanga, ushushe hadi −1, hata −1.5. Ufukweni Msimbati mambo yanageuka. Mchanga mweupe unaihadaa kamera, inapunguza mwanga, na uso wa mtu unakuwa mweusi usiosomeka. Hapo panda hadi +1. Kanzu nyeupe inaleta shida hiyo hiyo. Uso mweusi uliojaza fremu nzima, kinyume chake, hutaka −0.3 hadi −0.7 ili rangi ya ngozi ibaki ilivyo. Wapiga picha wengi hulaumu lenzi kwa jambo ambalo kitufe kimoja kingemaliza.

"ISO kubwa ndiyo inaleta chenga"

Chenga, yaani punje punje kwenye picha, huletwa zaidi na uhaba wa mwanga. Picha ya ISO 3200 iliyopata mwanga wake sawasawa kwa kawaida ni safi kuliko ya ISO 400 iliyotoka giza kisha ikavutwa kwenye kompyuta.

"Begi lake linatosha kuitunza"

Begi linashika unyevu na lina giza. Fangasi wanataka hayo mawili tu. Unyevu wa hewa ukizidi asilimia 60 kwa muda mrefu, nyuzinyuzi huanza kuota kwenye vioo, na asidi yake hula rangi ya kinga. Zikishakula, fundi atasafisha lakini alama itabaki. Chukua kontena la plastiki la lita 10 lenye mfuniko wa mpira, tia gramu 100 hivi za silika jeli na kipima unyevu kidogo, ulenge asilimia 40 hadi 50. Silika ikibadilika rangi, ikaange kwa moto mdogo, kwenye kikaango kisichopikiwa chakula, mpaka rangi yake irudi.

Mchele hausaidii, wala kwa kutunza wala kwa kamera iliyotumbukia. Maji ya bahari yakiingia, chumvi hubaki hata baada ya kukauka na kuendelea kula sakiti. Toa betri palepale, usiiwashe kujaribu, ipeleke kwa fundi afungue na kuosha kwa spiriti ya isopropili. Nyingi haziponi. Ile iliyorushiwa matone tu, kwenye boti ya kwenda Kilwa Kisiwani kwa mfano, ifute kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo maji baridi na kukamuliwa, kisha kikavu. Mchanga kwenye kioo upulize kwa pampu ya mpira kwanza. Ukiufuta ukiwa bado upo, umeshakwaruza.

"Iliyotumika ikiwaka, ni nzima"

Mulika lenzi kwa tochi ya simu ukiwa umefungua tundu lote, utafute nyuzinyuzi. Piga karatasi nyeupe kwa f/16. Vidoa vikionekana, sensa ina vumbi au mafuta. Fungua chumba cha betri, kutu ya kijani ni chumvi iliyokwishaingia. Shata za kamera nyingi za bei nafuu hukadiriwa mapigo 100,000 hivi. Kwa Nikon idadi ya mapigo ambayo kamera imekwishapiga imo ndani ya faili la picha yenyewe, kwa Canon nyingi haimo. Memori kadi utakayopewa kama nyongeza ijaze yote kwa picha, kisha zifungue zote kwenye kompyuta. Kadi bandia iliyoandikwa GB 64 huanza kupoteza picha nafasi yake halisi inapokwisha, bila onyo lolote.